Jicho la Mbuzi

Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba ukienda hospitali na ugonjwa wa macho, daktari anakung'oa jicho lako na kukuwekea la mbuzi. Usinicheke. Au nicheke, nimeshazoea, lakini nisikilize kwanza. Sikuliamini jambo hili nusunusu, kama mtu anavyoamini utabiri wa mvua. Niliamini kama ninavyoamini kwamba maji ya bahari yana chumvi, na chumvi ndiyo kazi yangu. Nilijua hadi mambo madogomadogo: kwamba mbuzi huchaguliwa jike, kwa kuwa beberu ana macho ya kiburi, kwamba ukishawekewa unaona vizuri ajabu, ila ukipita penye majani mabichi mate yanakutoka, na kwamba Idi ya kuchinja ikifika mgonjwa hufungiwa chumbani, asije akamwona ndugu yake wa jicho chini ya kisu. Yote hayo niliyaamini nikiwa na cheti cha kidato cha nne, na biolojia nimefaulu.

Cheti hicho nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni. Kutwa nakwangua chumvi kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo, jioni naoga, navaa shati la mikono mirefu kama karani, naingia darasani na watu wazima wenzangu. Nilisoma mpaka mbu wa darasa lile wakajua kanuni za pembetatu. Matokeo yalipotoka mama yangu alipika pilau, akawaita majirani wote, akawaambia, "Huyu sasa ukimwuliza chochote anajua." Majirani wakaamini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeamini kuliko wote.

Tulipomaliza tuliogopa elimu isitutoke kama joto la chai. Tukaanzisha kundi kwenye simu: sisi wa Bagamoyo, wenzetu wawili watatu wa Kerege, mwalimu wetu wa zamani aliyehamia Lugoba, na dada mmoja tuliyesoma naye ambaye sasa anauza chakula pale Msata mabasi yanaposimama. Sheria zilikuwa chache. Siasa hapana. Picha za maua zenye salamu za asubuhi hapana. Kundi ni la linki tu: sayansi, teknolojia, maajabu ya dunia, na mila za watu wa mbali. Pweza ana mioyo mitatu, linki hii hapa. Kuna darubini inayoelea angani, linki hii. Kuna watu huko mbali wanaopika chai kwa siagi na chumvi, linki hii, na siku hiyo kundi zima lilinitumia mimi vicheko.

Sasa, linki inataka bando, na nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ndipo tukaweka utaratibu ambao sijausikia kwingine: msomaji wa zamu. Linki ikiingia, anafungua mtu mmoja tu, yule wa zamu. Anaisoma hadi mwisho, kisha anatusimulia kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, dakika tatu au nne. Wengine tunasikiliza tu. Kule kwenye chumvi tulisikiliza saa ya mapumziko, jua likiwa utosini, tumejibanza kwenye kivuli cha banda la magunia, simu moja katikati na vichwa sita juu yake.

Na zamu yangu ilipofika, ndugu yangu, watu waliacha kula. Siwezi kusimulia jambo likabaki saizi yake. Pweza wa mioyo mitatu, kwangu mimi, mmoja ulikuwa wa kupenda, mmoja wa kuchukia na mmoja wa akiba. Wenye zamu zao walianza kunigawia. Yule dada wa Msata aliniita Profesa. "Profesa," ananiambia kwa sauti ya kushindana na honi za mabasi, "wewe kazini unachimba chumvi, huku unatutilia." Nami nacheka. Sikujua kama ni onyo.

Mwaka ule mama yangu akaanza kuwa na maringo. Ndivyo mtaa ulivyosema. Mama yangu, aliyekuwa akimwitikia hata mtoto wa kubebwa, akawa anapita watu bila kujibu. Mke wa kijana wa jirani, mgeni mtaani, ameolewa juzi, alimpita njiani akainamisha kichwa, "Shikamoo mama." Kimya. Kesho yake tena, "Shikamoo mama." Kimya. Jioni ile mama mkwe wa yule binti akaja uani kwetu, akasimama na mikono kiunoni.

"Mwenzetu siku hizi umekuwa mkubwa. Shikamoo huipokei mpaka uandikiwe barua?"

"Shikamoo ya nani?" mama akauliza.

"Ya mkwe wangu! Kakuamkia mara mbili."

"Alikuwa upande gani?"

Swali lenyewe likamchekesha jirani. "Salamu ina upande? Haya mwenzangu, tutaweka alama ya njia: wanaotaka kumwamkia bibi wapite kulia."

Walicheka wote wawili, nami nikacheka. Mama alicheka kidogo kuliko sisi.

Kisha ikawa mikeka. Mama anasuka ukili, ule utepe wa miyaa, majani ya mkindu anayoyatia rangi mwenyewe, nyekundu na kijani, halafu anaziunga kili upande kwa upande mpaka mkeka unakamilika. Watu wa harusi moja walirudisha mkeka waliomwagiza. Walikuja kwa adabu, wakaukunjua uani. Katikati ulikuwa kama mikeka yake yote, unaweza kuuswalia na ukausifu. Upande wa kushoto rangi zilikuwa zimechanganyika ovyo, nyekundu juu ya nyekundu, na pindo limekwenda mrama. Mama akapapasa pale kwa vidole. Akageuza kichwa chote, kama kuku anayetazama mwewe, akauangalia ule upande kwa jicho la kulia. Akasema, "Nani kanifanyia hivi?"

Nikampeleka zahanati. Mhudumu akamwangaza kwa tochi, akamwambia amtazame puani, akawa anachezesha vidole pembeni. Upande wa kushoto alichezesha mpaka mkono ukachoka. Mama hakuona kitu. Akaandika karatasi, akanipa. "Mpeleke kliniki ya macho wiki hii. Usingoje." Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Niliazimia Alhamisi.

Jumatano, saa ya mapumziko, ukaingia ujumbe wa sauti. Haukutoka kwa mtu wa kundi letu hasa. Mwenzetu wa Kerege alikuwa ameupokea kutoka kundi lingine akautupa kwetu. Sauti ya mwanamke mtu mzima, lafudhi ya bara kidogo, kama Mzigua, na analia. Anasema mjomba wake alikwenda hospitali na ugonjwa wa macho, wakamtoa jicho, wakamwekea la mbuzi, na sasa mtu mzima yule hakai ndani, anashinda kwenye majani. "Ndugu zangu," anasema, "wazee wenu msiwapeleke. Haya nimeyaona mimi." Kisha analia tena, kilio cha kweli, kile kinachokatika katikati.

Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi niliamini palepale. Unajua kitu kilichoniua? Nilihisi kama jambo lile nalijua tangu zamani. Lilinikaa kichwani bila kubisha hodi, kama mtu wa nyumbani. Nikajiambia: hii ndiyo dalili ya ukweli, ukisikia tu unaitambua.

Alhamisi sikumpeleka.

Sikukaa bure, lakini. Mtu anayempenda mama yake hakai bure. Niliandika kundini: "Wataalamu, macho ya mama, leteni linki." Zikaja kama dagaa kwenye wavu. Karoti. Nikamkamulia mama karoti asubuhi na jioni mpaka nikaogopa atageuka rangi ya chungwa. Mazoezi ya macho: fumba, fumbua, tazama mbali, tazama karibu. Mama alikaa uani akifumba na kufumbua kama mtu aliyeingiwa na mchanga, jirani akauliza tunamkonyeza nani. Asali. Nilimdondoshea tone moja, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, akashika uso kwa viganja viwili. Nilikaa chini nikamshika magoti. "Imekuunguza, mama?" Akasema, "Si kitu. Kama inaunguza inafanya kazi." Alikuwa ananifariji mimi. Niliitupa ile chupa chooni.

Mwalimu wetu wa Lugoba ndiye pekee aliyenipigia. Ni mtu wa maneno machache, hata darasani alikuwa anaandika ubaoni kuliko kusema.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama amekwisha kwenda kliniki?"

"Bado, mwalimu. Kuna hili suala la mbuzi."

"Mbuzi gani?"

Nikamsimulia. Nikaongeza ile ya Idi.

"Chanzo chako nini?"

"Mtu mwenyewe analia, mwalimu. Mwanamke mtu mzima."

"Kulia si chanzo," akasema. "Mpeleke."

Nilimwitikia ndiyo, kama tunavyowaitikia walimu. Lakini moyoni nikasema huyu hajausikia ule mkatiko wa sauti. Karatasi ya zahanati ilibaki mfukoni. Ililowa maji ya chumvi, ikakauka, ikalowa, ikakauka, hadi ikawa ngumu kama ganda la chaza. Kila nikiinama kukwangua ilinichoma kifuani, na kila ikinichoma nilijiambia namlinda mama.

Na mama akawa anapungua. Sisemi mwili, mwili ulikuwepo. Dunia yake ndiyo iliyopungua, ikawa nyembamba kama anachungulia kwenye tundu la kufuli. Aliacha kusuka. Miyaa aliyoitia rangi ikakauka kwenye kamba mpaka ikavunjika. Usiku ukianza alisema taa zina pete za rangi kama upinde wa mvua, na mimi, msomi, nikamwambia ni vumbi. Chai alimimina pembeni ya kikombe. Alianza kuwaamkia watu kabla hawajamwamkia, hata watoto, hata mti wa fenesi siku moja, ili mtu yeyote asije akapita akanung'unika. Hilo la mti lilinichekesha nilipolisimulia kazini. Nilipofika katikati ya kulisimulia nikaacha, nikasingizia jua.

Siku aliyoanguka ilikuwa asubuhi, kweupe. Alikuwa anavuka njia kwenda kwa jirani kuomba moto. Mkokoteni wa maji ulitokea kushoto. Kijana mwenye mkokoteni alipiga kelele, "Bibi! Bibi!" Mama akageukia sauti, lakini hakuona kitu, akasogea mbele badala ya nyuma. Madumu yakamwangukia. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye tope, kanga imelowa, kiwiko kinavuja damu, anawaomba radhi watu wote waliomzunguka, mmoja mmoja, bila kujua wamesimama wapi.

Nilimbeba hadi ndani. Hakuwa mzito, na hilo liliniogopesha zaidi. Nikamfunga kiwiko. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Mwanangu, kwa nini hunipeleki?"

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia miezi yote ile, nilimwambia tu kuwa dawa za nyumbani ni bora. Sasa nikamweleza lote, la mbuzi, la majani, la mjomba wa yule mwanamke. Nilieleza kwa kulia, sikutia nakshi hata moja. Mama akasikiliza hadi mwisho, uso umeelekea ukutani maana alidhani mimi niko huko.

"La mbuzi linaona?" akauliza.

"Wanasema linaona."

"Basi nipeleke. Hata la mbuzi, mwanangu. Nimechoka na giza."

Kesho yake tukaenda. Sitasema ni hospitali ipi, haina kosa lolote katika habari hii. Tukakaa kwenye benchi refu na wazee wengine, kila mmoja na mtoto wake pembeni. Mama alivaa baibui lake la Idi. Alikuwa na utulivu wa mtu anayekwenda kuhiji. Mimi nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia simu. Nikaandika kundini: "Niombeeni dua. Mama yangu leo anawekewa la mbuzi. Hatuna njia nyingine."

Dakika haikupita, dada wa Msata akapiga.

"Profesa, umesema la nini?"

"La mbuzi. Ule ujumbe wa yule mama anayelia."

"Ule?" Nyuma yake basi lilikuwa linaita abiria wa Segera. "Mimi nilidhani mnacheza! Wewe si ndiye mwenye mbuzi wako?"

"Mbuzi wangu wapi?"

"Subiri." Akakata. Kisha simu ikalia mlio mdogo, ujumbe wa sauti. Juu yake ameandika: sikiliza mwenyewe.

Nikaiweka sikioni. Ilikuwa sauti yangu. Yeye huwa hafuti zamu zangu, anazitunza za kuwachekesha wateja. Ilikuwa ya Ramadhani iliyotangulia, na mara tu nilipojisikia nikakumbuka: mtu alituma linki ya wanasayansi wanaojaribu kutengeneza kile kioo cha mbele cha jicho kwa kutumia sehemu ya ngozi ya nguruwe, kwa ajili ya watu wenye kovu machoni. Makala ilisema wanajaribu. Ilisema kipande chembamba. Lakini zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimefunga, na wasikilizaji wangu walikuwa wamefunga, na nikaona si adabu kumtaja nguruwe mbele ya watu wenye swaumu, saa tisa alasiri. Nikamweka mbuzi. Mbuzi halali, mbuzi wa Idi. Na mbuzi alipoingia, ulimi haukutulia: kipande kikawa jicho zima, "wanajaribu" ikawa "wameshafanya", nikaongeza majani mabichi, nikaongeza kufungiwa chumbani. Sauti ile ilikuwa na furaha! Nilikuwa nacheka mwenyewe, na nyuma yangu wenzangu wa chumvi wanapiga mapaja, wao ambao baadaye walisahau kama mimi. "Jike," nasema mle ndani, "kwa sababu beberu ana kiburi!"

Sijui ilipita mikono mingapi. Ilitoka kwetu, ikafika Msata, ikaingia kundi lingine, ikaenda huko na huko, mtu akaisimulia kwa mwingine, mwingine akaitia mjomba, na yule mwanamke, aliyekuwa labda na mgonjwa wake wa kweli na hofu yake ya kweli, akaililia. Kisha ikarudi Bagamoyo ikamkuta mwenye mali, naye akaipokea kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa anaijua.

Nikamtazama mama. Alikuwa anazungumza na ukuta, akidhani kuna mtu ameketi upande ule. Alikuwa anamuuliza mtu huyo kama naye ni mgonjwa wa macho.

Wakatuita.

Daktari alikuwa dada kijana, mwenye hijabu na sauti ya chini. "Shikamoo mama," akasema, na akazunguka meza akasimama upande wa kulia, bila kuambiwa na mtu. Mama akaitika, "Marahaba mwanangu," kwa furaha kubwa, kwa kuwa alimwona. Akapimwa kwa muda mrefu. Mashine moja ya kupulizia hewa, nyingine ya kutazamia ndani, kidevu hapa, paji hapa, usipepese. Mimi nilisimama mlangoni na ile karatasi ya zahanati mkononi. Sikuwa na ujasiri wa kuitoa, maana ilikuwa na tarehe.

Hatimaye daktari akaizima taa ya mashine. Mama akaweka mikono mapajani, akajikaza, akauliza:

"Sasa daktari, mbuzi mnaye hapahapa, au tumlete sisi?"

Daktari hakucheka. Nilitamani acheke. Aliniangalia mimi, akaiona karatasi, akanyoosha mkono nikampa. Akaisoma ile tarehe, akaikunjua vizuri juu ya meza kama mtu anayenyoosha noti iliyochakaa. Kisha akamshika mama mkono, lakini alipozungumza alikuwa ananiambia mimi.

"Kaka, hakuna anayemtoa mtu jicho akamwekea la mbuzi. Si hapa, si pengine popote. Mama ana presha ya macho, ugonjwa unaokula mshipa wa jicho taratibu kuanzia pembeni, bila maumivu. Dawa yake ya kwanza wala si kisu. Ni matone, tone moja kila jioni. Jicho la kushoto limeshakwisha, na kilichokwisha hakirudi. La kulia limebaki kidogo, hicho kidogo tutajaribu kukilinda. Siku mlipopewa karatasi hii, bado alikuwa na mengi ya kulindwa."